Ndhiwa hatukuogopa sindano
Na Rose Akoth

Mpaka leo wapo wanaosema kwamba sisi wa Ndhiwa tulisitasita kuchanjwa dhidi ya Korona kwa sababu ya ujinga na ushirikina. Maneno hayo yananiudhi, na hayana ukweli. Septemba 2019, miezi sita kabla ya mgonjwa wa kwanza wa Korona kutangazwa nchini Kenya, chanjo ya malaria ya RTS,S ilizinduliwa papa hapa kaunti ya Homa Bay. Kabla yetu ilikuwa imeanza kutolewa Malawi na Ghana tu. Akina mama walibeba watoto mgongoni wakapanga foleni kliniki. Mtoto alianza akiwa na miezi sita, akarudi wa saba, akarudi tena wa tisa, kisha dozi ya mwisho akitimiza miaka miwili. Hawakutishwa na mtu. Malaria walikuwa wanaijua kwa makaburi yaliyo bomani mwao, na aliyeshika sindano alikuwa muuguzi waliyemzoea.

Kabla ya hapo tulikuwa tumefundishwa na Ukimwi. Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne hapa Ndhiwa alikuwa akiishi na virusi. Tumeona watu waliopelekwa hospitali hawajiwezi wakarudi kulima miwa yao. Mahali kama hapa huwezi kuniambia kwamba watu hawaamini dawa.

Korona ilitufikia kwa mlango mwingine. Aprili 2020 tuliona kwenye simu zetu mtu akizikwa usiku huko Siaya, mbiombio, na watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga. Kwetu Wajaluo hilo ni jeraha. Mtu huzikwa mchana, jamaa wakiwepo, akililiwa kwa sauti. Tangu siku hiyo wengi waliogopa kupimwa kuliko walivyoogopa ugonjwa wenyewe. Juni 2021, kirusi cha Delta kilipoenea upande huu wa ziwa, serikali iliziwekea kaunti 13 kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, Homa Bay na Migori zikiwemo. Maiti izikwe ndani ya saa 72, waombolezaji wasizidi 50. Najua kwa nini amri hizo zilitolewa, maana matanga yalikuwa yanasambaza ugonjwa. Lakini amri zilifika kijijini kabla ya maelezo.

Mimi niliugua mwezi huo huo. Nilidhani ni malaria, nikapimwa, haikuwepo. Kisha mama akakaanga omena, na harufu ya omena ikikaangwa haifichiki, lakini mimi niliyelala chumba cha pili sikunusa kitu. Hapo nikajua. Kifua kikabana mpaka nikawa natembea nimeshika ukuta. Jirani alituletea majani ya mwarobaini ya kujifukiza, akayaacha mlangoni akaniita kwa mbali, "Akoth, uko?" Nilimjibu kwa shida.

Nilipopona, hoja nyumbani ikawa mama kuchanjwa. Ana presha, na alikuwa amepita miaka 58, umri uliopewa nafasi mapema. Redio ilikuwa imemwambia kila kitu, naye hakwenda. Aliyemfanya aende ni mhudumu wa afya wa kijiji chetu, yule yule anayetuandikisha wakati wa kugawa vyandarua. Alivuta kiti, akanywa chai.

"Mama, mimi nilichanjwa. Mkono uliuma, nikapata homa kidogo, ikaisha."

"Na vidonge vyangu vya presha?"

"Utaendelea navyo kama kawaida. Mimi pia navimeza, unajua."

Mama akauliza kama kuna mtu wa kumsindikiza. Wakaenda wote wawili.

Wasichana walikuwa na hofu yao: wakichanjwa, watazaa kweli? Hofu hiyo haikuota yenyewe. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki walidai hadharani kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikipewa wanawake ilikuwa na kitu cha kuzuia mimba. Serikali ilikana, Shirika la Afya Duniani nalo likakana, lakini ubishi ule ulibaki vijijini mwetu bila mtu wa kuketi na wasichana hao akawajibu. Badala yake, Novemba 2021, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kwamba kuanzia Desemba 21 asiyechanjwa asihudumiwe katika ofisi za serikali. Mahakama Kuu ilisimamisha agizo hilo. Kwenye steji ya bodaboda swali likawa moja: kama ni dawa nzuri, mbona tunatishwa? Chanjo ilikuwa nzuri. Nilichanjwa na ningechanjwa tena kesho. Ndiyo maana vitisho vile viliniuma: viliwapa wapotoshaji hoja ambayo hawakuwa nayo.

Tangu Septemba 2023 nchi ina wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, watu kama yule aliyemsindikiza mama, wenye mikoba ya vifaa na ahadi ya posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu, nusu kutoka kaunti. Kaunti za Homa Bay na Migori ziwalipe kwa wakati. Chanjo nyingine ikija, wapewe maelezo wao kwanza, wiki kadhaa kabla ya sindano kufika, wapate muda wa kuingia kila boma na kuulizwa maswali yote, hata yale ya aibu.