UKOGA WA MENO NA UKOGA WA MASHUA



Sisi wanafunzi wa kutwa hapa Mkomani twapita pwani kila siku. Je, mwajua kwa nini mbao ikikaa baharini huwa na utelezi? Wengi watajibu, "Si mwani tu!" Mimi nasema mwani huja nyuma.

Mbao safi ikitumbukizwa baharini, katika dakika chache tu molekuli za protini na sukari zilizomo majini huigandama. Hakuna azipangaye. Zenyewe hunata, hujikunjua na kushikana, zikawa utando mwembamba ambao jicho haliuoni. Baada ya saa chache hufuata bakteria na ute wao, kisha mwani, halafu vile vijumba vyeupe vigumu vinavyotukata miguu. Hata meno yetu ni hivyo hivyo: ukishapiga mswaki, protini za mate hutanda upya papo hapo, na ukoga hujengeka juu yake.

Kuna wenzetu wanaodai eti sayansi ni ya Kiingereza, na Kiswahili ni cha mashairi. Mimi sikubali. Mafundi wetu tangu zamani hupweleza chombo, wakakikwangua, wakakipaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu. Vinavyonata hunata kwenye deheni badala ya mbao; ikikwanguliwa, huondoka navyo. Hiyo nayo ni sayansi, na maneno yake tunayo.

Kwingineko walitegemea rangi yenye sumu ya tributiltini. Chaza wa ghuba ya Arcachon, Ufaransa, wakaharibika maganda, na mwaka wa 1982 nchi hiyo ikaikataza kwa vyombo vidogo. Mkataba wa dunia wa kuipiga marufuku ulipitishwa mwaka wa 2001 na kuanza kazi 2008. Sisi tunaokula samaki na kaa wa mikokoni tusichague rangi kwa kutazama bei peke yake.

Basi naomba chama chetu kishirikiane na walimu wa sayansi. Tutundike mbao tatu majini kwa muhula mmoja: moja tupu, moja ya deheni, moja ya rangi ya dukani. Kila wiki tuzitazame kwa hadubini na kuandika tuonayo kwa Kiswahili, tukiwauliza mafundi majina tusiyoyajua. Wazee hao wakituondokea kabla hatujawauliza, tutayatafuta wapi?

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Walimu wetu, tupeni mbao tatu tu.