Bahia Jikoni Mkongani
Mtu wa Mkongani, Kwale, akitamani chakula cha ng'ambo, hana haja ya kupanda matatu hadi Diani kusaka duka la watalii. Vitu vingi anavyo jikoni. Chukua moqueca, mchuzi wa samaki wa Bahia, Brazili. Vipande vya samaki hutiwa chumvi, ndimu na kitunguu saumu, vikapangwa juu ya vitunguu, nyanya, pilipili hoho na dania, kisha tui zito humiminwa na sufuria kufunikwa. Mchuzi haukorogwi, samaki asije akavunjika. Dakika 20 hivi umeiva. Wabahia huongeza mawese, lakini asiye nayo asihangaike: nazi iliyokunwa kwa mbuzi na kukamuliwa kwenye kifumbu ina mafuta yake. Pembeni wao huweka farofa, unga wa muhogo uliokaangwa kwa siagi. Na muhogo wenyewe ni mgeni wetu kutoka huko huko Amerika Kusini. Wareno ndio waliouvusha bahari kuja Afrika, kama ambavyo mahindi ya sima yetu asili yake ni Mexico. Ukwaju ulisafiri kinyume. Ni mti wa Afrika, ila leo Wamexico huuloweka, wakauvuruga, wakauchuja na kutia sukari na barafu, wakauita agua de tamarindo. Mama anayeuza juisi ya ukwaju kandokando ya barabara ya Kwale anaijua kazi hiyo mwanzo hadi mwisho. Yeye huzidisha tangawizi tu.