Kabla ya mita ya mafuta ya boti, tazama chupa iliyo chini ya meza

Ni Jumamosi asubuhi mjini Singida. Baba ameahidi kuwapeleka watoto ziwani. Boti ya faiba imefungwa kwenye trela, mashine ya HP 15 imepachikwa nyuma, mama amebeba maji ya kunywa na viazi kwenye hotpoti. Limebaki jambo moja tu: mafuta yanatosha?

Baba analitikisa tenki, anasikiliza mlio wake, anasema yapo. Kisha anasita. Anachukua kipande cha mpira, anatumbukiza ncha moja kwenye dumu la akiba, nyingine anaiweka mdomoni na kuvuta. Petroli inakuja kwa kasi kuliko alivyotarajia. Anatema, anakohoa mara tatu, anacheka. Mtoto wa miaka minne amesimama pembeni akitazama kila kitu.

Familia hii ni ya mfano, lakini mzazi yeyote mwenye pikipiki, jenereta au pampu ya kumwagilia vitunguu anaifahamu hali hiyo. Kupima mafuta kwa kutikisa na kuyahamisha kwa mdomo ni mazoea ya nyumba nyingi. Kwenye boti mazoea hayo yana hatari mbili kwa pamoja: ya kuishiwa mafuta katikati ya maji na watoto wakiwemo, na ya petroli kuingia mahali isipotakiwa kuingia, yaani mapafuni.

Singida haijulikani kwa boti. Inajulikana kwa alizeti, kuku wa kienyeji, asali na upepo. Hata hivyo maji yapo. Ziwa Singidani na Ziwa Kindai yako mjini penyewe, na upande wa Iramba kuna Ziwa Kitangiri, ambalo maji yake hutoka kwa Mto Sibiti kuelekea Ziwa Eyasi. Mwenye boti ndogo ya kutembeza familia hapa ana shida ileile aliyonayo mwenye boti ya Mwanza au Kigamboni. Siku hizi akifungua simu anakutana na matangazo ya mita za mafuta za kila aina: kidude kidogo kinachofungwa kwenye mpira wa mafuta, na kioo kinachoonyesha lita ngapi zinaunguzwa kwa saa. Je, anunue?

Kwanza ajue kifaa hicho kinafanya nini hasa. Ndani ya aina nyingi kuna gurudumu dogo mfano wa feni. Petroli ikipita inalizungusha, sensa inahesabu mizunguko, na kioo kinaigeuza hesabu hiyo kuwa lita. Kwa hiyo mita inapima mafuta yanayopita. Haioni yaliyomo ndani ya tenki. Kiasi kilichobaki inakipata kwa kutoa: uliiambia umeweka lita 24, zimepita 9, basi zimebaki 15. Ukisahau kuiambia kwamba jana ulimmiminia jirani lita 5 za jenereta, itakuonyesha lita ambazo hazipo. Mafuta yakivuja kabla ya kuifikia mita, vilevile haitajua. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wananunua mita wakidhani wamenunua geji.

Jambo la pili ni ukubwa wa mashine, na hili lina uzito kuliko bei. Kwa makadirio ya mafundi, mashine ya petroli ya HP 15 ikienda kwa moto wote hutumia kati ya lita 6 na 8 kwa saa, zaidi kidogo ikiwa ni zile za zamani za kuchanganya petroli na oili. Ya HP 40 inakaribia lita 15 hadi 20. Lakini familia inayotembea taratibu ikitazama ndege haiendi kwa moto wote. Mashine ndogo ikienda polepole inaweza kutumia lita 1 au 2 tu kwa saa. Kila mita ina kiwango cha chini inachoweza kusoma, na kiwango hicho huandikwa kwenye boksi au karatasi ya maelezo. Kama inaanzia lita 5 kwa saa, ile feni ya ndani haitazunguka vizuri mkiwa mwendo wa pole, na kioo kitasoma sifuri wakati mafuta yanapungua. Muuzaji asiyeweza kukwambia kiwango hicho anauza asichokijua.

Tatu, mafuta gani. Mita iliyotengenezwa kwa maji, hata kama mpira wa boti unaingia vizuri, isiguse petroli. Plastiki na mipira yake ya ndani haikutengenezwa kwa ajili hiyo, inaweza kuvimba au kupasuka, na nyaya zake hazikukingwa dhidi ya cheche. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea, unashuka na kutuama sakafuni mwa boti, palepale watoto wanapokaa. Cheche moja inatosha. Kwa injini za dizeli kuna jambo jingine: nyingi hurudisha sehemu ya mafuta kwenye tenki, hivyo zinahitaji sensa mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na kioo kinachotoa tofauti yake. Sensa moja pekee itakuonyesha matumizi makubwa kuliko hali halisi.

Na kama mashine ni ya kisasa, ile ya kupuliza mafuta kwa kompyuta badala ya kabureta, muulize fundi kabla hujatoa hata shilingi. Mara nyingi kompyuta hiyo tayari inajua mashine inatumia kiasi gani. Kinachohitajika ni waya na kioo cha kuonyesha. Hapo hukati mpira wa mafuta, na usipoukata umepunguza sehemu ya kuvujia.

Anayeamua kufunga mita aifunge baada ya chujio na kabla ya mashine, mbali na joto, kwa vibano vya chuma kisichoshika kutu. Hilo la kutu lina maana zaidi hapa kwetu kwa sababu maji ya Singidani na Kindai yana chumvi. Viungio vya nyaya visipooshwa kwa maji baridi na kukaushwa kila mnaporudi, vitaota ukungu wa kijani na kioo kitaanza kusoma kinavyotaka.

Kisha ipimwe. Jaza tenki hadi alama, tembea saa moja au zaidi, rudi, jaza tena hadi alama ileile. Kama pampu ya kituo imesoma lita 10 na mita inasema zilipita 9, mita inakupunja lita moja kwa kila kumi. Zilizo nzuri zina sehemu ya kurekebisha kosa hilo. Isiyorekebishika ifae kwa mapambo.

Sasa hukumu. Kwa mashine ya HP 15 yenye tenki la kubebeka la lita 24 au 25, mita ya elektroniki haina ulazima. Fedha hiyo inunue kwanza majaketi ya kuokolea yanayolingana na uzito wa kila mtoto, yenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto akiangukia majini. Mita inaanza kuwa na maana kwenye mashine ya HP 40 na kuendelea, yenye tenki lililojengewa ndani ya boti ambalo huwezi kulinyanyua wala kuchungulia.

Tenki la kubebeka lina kipimo ambacho Singida imejaa: mizani ya kuning'iniza, ileile ya kupimia vitunguu na asali. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu kilo 0.74. Pima tenki likiwa tupu, andika uzito wake ubavuni kwa rangi. Kila mnapotoka lipime tena. Likizidi uzito huo kwa kilo 10, ndani mna kama lita 13 na nusu. Hakuna betri, hakuna waya, na hakuna mtu aliyeonja petroli. Mkirudi, pima na andika kwenye daftari: tarehe, saa mlizotembea, kilo zilizopungua. Baada ya safari tano au sita utajua mashine yako inakula kiasi gani, pengine kuliko mwenye mita asiyeipima.

Kwa hesabu hiyo, gawa mafuta mafungu matatu. Fungu moja la kwenda, moja la kurudi, moja lisiguswe. Katika tenki la lita 24, zikishapungua 8 mnageuza, hata kama watoto wanalilia kufika kwenye yale mawe ya upande wa pili. Anayekijua kipupwe cha mkoa huu haoni fungu la tatu kuwa uoga. Asubuhi ziwa limetulia, mchana upepo umeamka, na njia mliyoimaliza kwa dakika 20 mnairudia kwa 40 mkipigwa na mawimbi usoni. Mashine inayopambana na upepo hunywa zaidi. Ikizima hapo boti hugeuka ubavu kwa mawimbi, na kasia ambalo halikubebwa linakumbukwa na wote.

Rudi sasa kwa yule baba na mpira wake mdomoni, na kwa mtoto aliyekuwa akitazama.

Petroli ni nyepesi mno. Mtu akiimeza au akipaliwa nayo, tone dogo linaloteleza kwenda njia ya hewa husambaa haraka ndani ya mapafu na kuyaunguza. Madaktari huita nimonia ya kemikali. Kikohozi kilichochekwa asubuhi kinaweza kuwa homa na pumzi fupi jioni. Ndani ya petroli pia mna benzini, kemikali ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Pampu ya mkono ya kuhamishia mafuta, ya plastiki, yenye sehemu ya kubinya, ni nafuu kuliko mita yoyote. Hiyo ndiyo ya kununua kwanza.

Mtoto wa miaka minne hajui kemikali. Amejifunza kwamba kilicho ndani ya dumu ni kitu baba anachokiweka mdomoni. Na nyumbani petroli iliyobaki imewekwa wapi? Mara nyingi kwenye chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, chini ya meza. Au kwenye dumu la njano la lita 20 lililokuwa na mafuta ya alizeti, likiwa limesimama karibu na jingine lenye alizeti kweli. Rangi ya petroli na ya mafuta ya kupikia kwenye mwanga hafifu wa jikoni hazitofautiani sana kwa macho ya mtoto mwenye kiu, au ya dada wa kazi aliyefika wiki iliyopita. Na jiko la mkaa liko hatua mbili.

Petroli ikae kwenye chombo chake cha mafuta, chenye kifuniko cha kukaza, nje ya nyumba, mahali pa kufunga na kufuli. Isihamishiwe kwenye chupa ya kinywaji hata kwa dakika tano.

Ikitokea mtoto ameinywa, usimtapishe. Kutapika kunaipitisha petroli kooni mara ya pili na kuipa nafasi ya kuingia mapafuni. Usimpe maziwa, usimpe mafuta ya kula, usimpe maji ya chumvi. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, mweke ameketi, mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe ili daktari aone ni nini. Hata akionekana mzima, asirudishwe nyumbani bila kuangaliwa, kwani dalili za mapafu zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Akikohoa mfululizo, akipumua kwa kasi, akibadilika rangi midomo au akiwa mlegevu, hiyo ni dharura ya dakika, si ya kusubiri gari la jioni.

Kwenye boti nako kuna hewa ya kuangalia. Moshi wa mashine una kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Boti ikienda taratibu upepo ukitoka nyuma, moshi huo huwarudia waliokaa karibu na mashine. Mtoto anayelalamika kichwa au kichefuchefu, kila mtu akisema ni mawimbi, asogezwe mbele penye hewa kwanza. Watoto wakae mbele au katikati tangu mwanzo, na nyuma akae mwendeshaji.

Baba wa mfano wetu hajanunua mita. Ameazima mizani kwa mama muuza vitunguu na amenunua pampu ya kubinya. Tenki tupu lilikuwa kilo 4, limejazwa likafika kilo 20, yaani lita 21 na ushee. Mama ndiye anayeshika daftari. Ameandika: kuondoka saa 3:15, kugeuza si zaidi ya saa 4:15, watoto watatu, majaketi matatu madogo, makasia mawili.