Shujaa Amekaa Kisimani, Mama Anataka Maji

Vijana wenzetu wa Rhino Camp, Imvepi na Lobule, na nyinyi mnaopanga vyumba Arua mjini na Koboko, salamu kutoka Logiri. Salamu pia kwa ndugu zetu wa mashirika mnaopita huku na magari meupe. Msiiruke hii, maana na nyinyi mna kesi humu ndani.

Neno letu ni moja: tumechoka kupewa hadithi nusu.

Fungua simu yako sasa hivi. Utakuta picha ya kamanda fulani, bereti nyekundu, miwani ya jua, na wimbo wa sifa chini yake. Simba wetu, wanasema. Kabila hili lina simba wake, kabila lile lina wake, na simba wa huku ndiye fisi wa kule. Mtoto aliyevuka mpaka mwaka 2016 akiwa mgongoni mwa mama yake leo anamjua simba huyo kwa majina yote ya sifa. Hajui simba aliacha nini nyuma alipopita. Hiyo sehemu imekatwa.

Wanaotetea tabia hii wanasema eti ni desturi, hata babu zetu waliwaimba mashujaa. Haya, sawa. Twendeni basi kwa hao babu tuone waliimba nini.

Pwani ya Kenya, upande wa Lamu na Pate, shujaa mkubwa wa tenzi ni Fumo Liyongo. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliitunga hadithi yake kwa utenzi mwaka 1913, lakini watu walikuwa wakiisimulia zamani sana. Liyongo alikuwa jitu la nguvu, fundi wa upinde, na mtu wa mashairi. Mfalme wa Pate alimwogopa. Msimulizi mwenye haraka anaishia hapo: nguvu, mishale, kutoroka gerezani, makofi.

Lakini utenzi wenyewe unaendelea. Maadui hawakumshinda Liyongo vitani. Walimnunua mwanawe wa kumzaa. Wakamwahidi cheo na binti wa mfalme, naye akamchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa amelala. Na mtoto huyo, jameni, alichoahidiwa hakukipata. Ndugu zetu mnaopigiwa simu usiku mkiambiwa rudini, kuna kazi, kuna cheo, mkasikilize vizuri kipande hicho.

Kuna kingine tena. Liyongo alipochomwa, aliinuka akaenda kisimani, akapiga goti, akatia mshale kwenye upinde, akafa vilevile amelenga. Watu wa mji walipokuja kuteka maji walimwona, wakakimbia. Hawakujua kwamba ameshakufa. Mji ukakaa na kiu kwa siku kadhaa, kila mtu akiogopa maiti.

Hebu fikirini hilo. Shujaa amekufa na bado anawazuia watu maji. Sisi tunaopanga jerikeni kwenye foleni tangu alfajiri tunalielewa vizuri kuliko profesa yeyote. Ugomvi wa bomba la maji unaanza na zamu, mara unasikia jina la kamanda limetajwa, mara fimbo zimetoka. Kamanda mwenyewe hana habari. Septemba 2018 wakubwa wa Sudan Kusini walikaa meza moja Addis Ababa wakatia saini. Huku chini watoto wao walikuwa bado hawasalimiani.

Ndugu zetu Wakongo nao wana ya kwao. Wanyanga wa Walikale, Kivu Kaskazini, wana masimulizi marefu ya Mwindo. Mwaka 1956 mzee Shekarisi Candi Rureke aliyasimulia kwa siku 12, na mwaka 1969 Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakayatoa kama kitabu. Mwindo alizaliwa huku baba yake, chifu Shemwindo, hataki mtoto wa kiume. Baba akamrushia mikuki, akamzika hai, akamtia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto hakufa. Akakua, akarudi na jeshi la wajomba, na kwa msaada wa Nkuba, yaani radi, akakiteketeza kijiji cha baba yake, Tubondo.

Hapo ndipo wengi wanapenda kuishia. Kijana aliyeonewa amerudi na moto. Nani kati yetu haijui hiyo hasira?

Lakini ona masimulizi yanavyoendelea. Mwindo anamfukuza baba yake mpaka chini kuzimu, kisha anamrudisha. Halafu Mwindo anawafufua watu wa Tubondo. Wote. Ana kipeperushi chake cha mkia wa nyati, anakipunga, wafu wanaamka. Ndipo baba anakiri makosa yake mbele ya watu wote.

Hata baada ya kurudisha roho za watu, hadithi haijamwachia. Siku moja Mwindo anatamani nyama ya nguruwe mwitu, anatuma wawindaji, zimwi la msituni linawameza baadhi yao, naye analiua. Kumbe zimwi lile lilikuwa rafiki wa damu wa Nkuba, yule yule radi aliyemsaidia vitani. Nkuba anamchukua Mwindo juu mbinguni mwaka mzima. Mvua inampiga, baridi inampiga, jua linamchoma. Yule kijana aliyekuwa akijisifu kila mahali sasa hana la kusema. Anakatazwa kuua tena mnyama. Anarudi nyumbani mtu mwingine, anawaita watu wake, anawaeleza yaliyompata, na anawapa sheria za kukaa pamoja.

Basi hao ndio babu. Hawakuficha kwamba shujaa alichoma kijiji. Hawakuficha pia kwamba alikuwa na haki ya kukasirika. Waliweka yote mawili, wakampa kiti, na bado wakamwadhibu, wakamfundisha. Wewe unayekata wimbo pale moto unapowaka usiseme unafuata desturi. Umeiba nusu ya desturi.

Na sasa tufike hapa hapa tunapokaa, maana wenyeji wetu wa West Nile wana habari hizi mwilini mwao. Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin liliingia Kagera, Tanzania. Tanzania ikajibu, ikaingia Uganda pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na kufikia Juni jeshi lilikuwa limefika West Nile. Mwaka 1981 Henry Muhanika alitoa Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada. Ukisoma jina tu, hadithi imekwisha: dhalimu ameanguka, wakombozi wameshinda.

Mwaka huo huo wa 1981, tarehe 24 Juni, askari wa UNLA, jeshi jipya la hao wakombozi, waliingia misheni ya Ombaci, kilomita chache tu kutoka Arua mjini, ambako raia walikuwa wamejificha, wakawaua. Kwa nini? Amin alikuwa mtu wa West Nile. Alipochukua nchi mwaka 1971, askari wengi Waacholi na Walango waliuawa kambini. Mwaka 1980 waliokuwa askari wa Amin walivuka mpaka wakashambulia, na kisasi kikamwangukia kila mtu wa eneo hili, hata bibi ambaye hakuwahi kumwona Amin kwa macho. Watu wakakimbilia Sudan na Zaire kwa maelfu. Ndiyo, walikuwa wakimbizi kule kule tulikotoka sisi. Wazee waliotupa mashamba ya kulima wanajua kula posho ya msaada.

Sasa tuambieni, shujaa hapo ni nani? Aliyemng'oa Amin alifanya jambo ambalo nchi nzima ililililia. Na mwenye sare hiyo hiyo alifika Ombaci. Aliyechukua bunduki kuwalinda ndugu zake wa West Nile naye alikuwa na sababu, na baadhi ya waliosema wanawalinda watu hao baadaye waliwateka na kuwaua barabarani. Mambo haya yalichukua miaka. Kundi la UNRF II lilitia saini amani na serikali pale Yumbe tarehe 24 Desemba 2002. Hesabu mwenyewe tangu 1979.

Tofauti yetu na Mwindo ni hiyo moja. Yeye alikuwa na kipeperushi cha kufufua. Ombaci hakukuwa nacho. Juba Desemba 2013 hakikuwepo, na Ituri hakipo hata leo. Ndiyo maana anayetaka kuwa Mwindo wa moto tu, bila Mwindo wa mbinguni, tunamwambia atupishe.

Tunajua mtakachojibu: bila hao wenye bunduki, nani angetutetea usiku ule? Swali la haki. Wapo kati yetu walio hai kwa sababu kaka fulani alisimama njiani mpaka wengine wakavuka. Hatumvunjii heshima. Tunasema tu kwamba kaka huyo ana haki ya kusimulia yote, hata yale yanayomnyima usingizi. Ukimgeuza picha ya simu, umemfunga mdomo. Wengi wa watu hao tunakaa nao hapa. Hawapendi nyimbo zile. Zikipigwa, wanaondoka taratibu.

Sasa nyinyi wa mashirika. Msifikiri tumewasahau.

Nyinyi mnakata hadithi upande mwingine. Mnataka mwisho tu. Mnatuletea semina, fulana imeandikwa Balozi wa Amani, mnamsimamisha kijana mbele ya kamera aseme kwamba zamani alikuwa mbaya na sasa ni mzuri, dakika tatu, asante, makofi. Nkuba alimweka Mwindo juu mwaka mzima. Nyinyi mnatoa siku 2, soda na nauli. Halafu ripoti inaandikwa kwamba vijana wamebadilika.

Na fomu zenu zina visanduku viwili, mwathirika na mpiganaji. Kijana aliyebeba bunduki miezi sita, akawavusha dada zake wawili, na akafanya jambo moja ambalo hawezi kulitaja, mtamweka wapi? Hana kisanduku. Kwa hiyo anajifunza kusema uongo ili aingie kwenye orodha, na ukweli wake anaupeleka kwa wale wanaompigia simu usiku, maana wao angalau hawamwogopi. Tangu mgao wa chakula ulipopangwa kwa makundi mwaka 2023 na wengine wakatolewa kabisa, hao wa simu wana neno tamu zaidi la kumwambia.

Tunachotaka si kikubwa. Kwenye jioni zetu za hadithi hapa Logiri, yeyote anayemleta shujaa ajibu maswali matatu kabla hajapigiwa makofi: nani alizikwa kwa sababu yake, nani alifaidika, na yeye mwenyewe analalaje sasa. Mwenye jibu asimulie, hata kama ni mpaka usiku wa manane. Asiye na jibu akae chini, akaulize kwao.

Nyinyi wa mashirika, njooni bila kamera, mkae mpaka mwisho, na msitake mwisho mzuri. Wenyeji wetu, wazee mlioenda Sudan na Zaire mkarudi, njooni mtufundishe mlivyorudi, kwa sababu nyinyi mmeshapita tunapopita.

Na wewe kijana mwenye simba kwenye simu yako, mlete. Ila umlete mzima.