Usilipie ramani ya Japani

Kama uko karibu kununua gari na muuzaji anakuambia "hili lina navi, boss", naomba usome hapa kabla hujaongeza hata shilingi moja.

Binamu yangu alinunua gari lake Mombasa, mtumba kutoka Japani kama mengi yanayoshushwa pale bandarini. Muuzaji akamwonyesha skrini kubwa katikati ya dashibodi, akabonyezabonyeza, mwanamke fulani akasema kitu kwa Kijapani kwa sauti ya upole, na bei ikapanda hapo hapo. Binamu akanipigia simu akicheka: "Hii gari inajua njia yenyewe!" Sasa, mimi naandika programu za kompyuta, na katika ukoo wetu hiyo maana yake ni kwamba kila kitu chenye skrini kikisumbua naitwa mimi. Alipofika Nairobi niliketi kiti cha mbele nikaangalia. Mshale wa gari ulikuwa katikati ya rangi ya kijivu tupu. Hakuna Uhuru Highway, hakuna Ngong Road, hakuna Kenya!

Tuelewane hapa, maana ndipo watu wengi wanapotapeliwa. GPS ya gari lile ilikuwa nzima kabisa. Setilaiti za GPS hutangazia dunia yote bila malipo, na kipokezi kikizishika nne kinaweza kupiga hesabu ya mahali kilipo. (Kwa nini nne? Kwa sababu kuna vitu vinne visivyojulikana: latitudo, longitudo, urefu kutoka usawa wa bahari, na kosa la saa ya kifaa chenyewe. Hesabu za shule zina kazi, jamani.) Lakini jibu la hesabu hiyo ni tarakimu tu. Barabara zinatoka kwenye ramani, na ramani ya gari lile ilikuwa kwenye kadi ya SD iliyotengenezewa Japani. Hata ukitaka kutafuta mahali, mitambo hii ya Kijapani hupenda uingize namba ya simu ya hoteli au duka unakokwenda, namba ya kule kwao. Binamu alikuwa amelipia kitabu cha simu cha Osaka.

Kisa hakikuishia hapo. Miezi michache baadaye betri ya gari ikafa, fundi akaweka nyingine, na skrini ilipowaka ikatoa maandishi ya Kijapani ikagoma. Redio haifunguki, kamera ya nyuma haionyeshi kitu. Mitambo mingi ya aina hii ikikatiwa umeme hudai kadi yake ya ramani au namba ya siri ya kuifungua, na kadi ya binamu ilikuwa imepotea mahali fulani kati ya mnada wa Japani na Mombasa. Akatafuta mtu wa kumpa namba ya siri, kwa malipo bila shaka. Yaani alilipia ramani asiyoweza kuitumia, kisha akalipa tena ili ramani hiyo imruhusu kusikiliza redio. Na redio yenyewe, mnajua, imetengenezewa masafa ya Japani, kwa hivyo bila kifaa cha kubadilisha masafa stesheni zetu nyingi haizipati.

Kuna watakaosema hilo ni tatizo la Kijapani tu, tafuta gari lenye ramani ya Kenya. Sikubali. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na kwa sababu za bei wengi wetu tunanunua lile lililokaribia kikomo hicho. Kwa hivyo siku ya kwanza unapoendesha, programu iliyo ndani tayari ni ya zamani, na aliyeitengeneza ameshasahau kwamba iko. Mwenye ramani iliyoganda mwaka 2021 hana Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands zilizofunguliwa kwa magari mwaka 2022. Ramani ni kama mboga, bwana.

Na kuna hili ambalo sisi watu wa programu tunalijua vizuri. Ishara ya GPS huhesabu wiki kwa biti 10, maana yake baada ya wiki 1024 hesabu inarudi sifuri. Ilirudi sifuri tarehe 6 Aprili 2019. Vifaa ambavyo programu yake haikurekebishwa vilijikuta vimerudi nyuma karibu miaka 20, tarehe na saa ovyo. Simu yako hukuona chochote, kwa sababu programu yake husasishwa. Dashibodi itasasishwa na nani?

Haya, niwe mkweli kuhusu upande wa pili. Mtambo uliojengewa ndani una faida moja ya kiufundi ambayo ni ya kweli: unasoma mzunguko wa magurudumu na una kihisio cha kugeuka, kwa hivyo ukipoteza setilaiti unaendelea kukisia ulipo. Ndani ya handaki refu hilo ni jambo kubwa. Lakini niambie, lini mara ya mwisho ulipotea ndani ya handaki nchini Kenya? Hapa shida yetu ni nyingine. Nimewahi kupita chini ya Expressway simu ikidhani niko juu yake, ikaniambia niendelee moja kwa moja wakati nilipaswa kukata kushoto.

Simu ina aibu zake. Jua la Mombasa likiipiga kwenye kioo inapata joto hadi inajizima. Kwenye foleni, dirisha likiwa wazi, kuna mtu atakayeichukua. Ukiishika mkononi huku unaendesha, polisi ana haki ya kukukamata, na mimi niko upande wake. Nunua kishikio, kiweke chini karibu na tundu la hewa baridi, chomeka chaja. Kuhusu bando, kupokea GPS hakuli data hata kidogo. Kinachokula data ni ramani. Ipakue yote ukiwa nyumbani kwenye Wi-Fi kwa programu inayotumia OpenStreetMap, kama OsmAnd, na utaendesha hadi Lodwar bila mtandao. Kama kazi yako ni ya huko Turkana au Marsabit kila wiki, basi nunua Garmin ya mkononi ya betri za kawaida, weka ramani za Tracks4Africa, na usiangalie gharama. Betri za kawaida utazipata kwenye kiosk chochote.

Lakini sababu yangu kubwa si bei wala betri. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walitembea mitaani kwao na vifaa vya GPS vya mkononi, wakirekodi vichochoro, zahanati, vyoo na visima vya maji, wakaviingiza kwenye OpenStreetMap. Mradi uliitwa Map Kibera. Kabla ya hapo, kwenye ramani nyingi za umma, mahali wanapoishi watu wote wale palikuwa kama patupu. Kijivu, kama skrini ya binamu yangu. Ramani ile haikusubiri kampuni ya ng'ambo ione faida ya kuja Kibera. Nikiona barabara ya kijijini kwetu imekosewa, naisahihisha jioni, na safari ijayo iko sawa kwenye simu yangu na ya mtu mwingine yeyote. Kwenye navi ya dashibodi siwezi kusahihisha hata jina la kituo cha mafuta.

Kwa hivyo muuzaji akisema navi, mwambie aitoe kwenye bei. Skrini ni nzuri, ichukue kwa ajili ya kamera ya nyuma, na kama inaweza kuonyesha kilicho kwenye simu yako, vizuri zaidi, hiyo ndiyo pekee ningeongezea pesa. Mengine ni mapambo.

Binamu alisafiri Krismasi hadi Siaya na simu yangu ya zamani. Alifika salama. Kishikio changu bado hajarudisha.