Kauli ya Rubani ni Dhamana

Usiku wa tarehe 28 Novemba 2016, ndege aina ya Avro RJ85 iliyotoka Santa Cruz, Bolivia, ilianguka mlimani karibu na Medellín, Kolombia. Ndani yake walikuwamo watu 77, wakiwamo wachezaji na viongozi wa timu ya kandanda ya Chapecoense ya Brazil, waliokuwa wakienda kucheza fainali. Watu 71 walipoteza maisha. Ndege ile haikulipuka wala kuwaka moto, kwa kuwa haikuwa na mafuta ya kuungua.

Mafuta hayo hayakuvuja, wala injini hazikuwa mbovu. Hati ya safari iliyowasilishwa kabla ya kuruka ilionyesha kuwa safari ingechukua saa 4 na dakika 22, na kwamba mafuta yangetosha kwa saa 4 na dakika 22. Kanuni za kimataifa zadai zaidi ya hapo: mafuta ya kufika, mafuta ya kuhamia uwanja mwingine ikibidi, na juu yake akiba ya mwisho ya dakika 30 kwa ndege za jeti. Afisa mmoja wa usafiri wa anga alieleza baadaye kwamba aliihoji hati hiyo. Hata hivyo ndege iliruka. Rubani mkuu alikuwa pia mmoja wa wenye kampuni, na kutua njiani kujaza mafuta ni gharama na ni kuchelewa.

Yuko atakayesema kuwa kanuni hujiwekea nafasi ya ziada, na kwamba rubani hodari aweza kuipunguza kidogo pasipo madhara. Hoja hiyo ni potofu. Akiba ile si mali ya rubani, bali ni haki ya abiria aliyeketi nyuma, asiyeona saa ya mafuta na asiyeulizwa chochote. Anayeitumia ili kuokoa fedha au muda huwa ameweka rehani maisha yasiyo yake.

Lakini uvunjaji wa kanuni una ubaya mwingine usiotajwa mara nyingi, nao ni kwamba humfunga kinywa aliyeivunja. Ilipokaribia Medellín, ndege ile iliamriwa izunguke angani kungoja, kwa sababu ndege nyingine yenye matatizo ilikuwa imetangulizwa. Rubani aliomba kupewa nafasi ya kwanza, lakini hakutangaza mapema hatari iliyomkabili. Kutangaza kungekuwa ni kukiri.

Ndivyo ilivyokuwa pia Marekani tarehe 14 Oktoba 2004. Marubani wawili waliokuwa wakihamisha ndege isiyo na abiria waliamua kuipandisha hadi futi 41,000, kimo cha juu kabisa ilichoidhinishiwa, tena kwa namna iliyoipunguzia mwendo hata ikashindwa kubaki huko. Injini zote mbili zikazimika. Hapo kwanza waliwaambia waongozaji wa ndege kwamba ni injini moja tu iliyozimika. Dakika za kuelekezwa kwenye uwanja wa karibu zikapita bure, na wote wawili wakafa. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua.

Sheria za anga zimempa rubani mkuu kauli ya mwisho ndani ya ndege yake. Aweza hata kukiuka kanuni, endapo usalama wenyewe unamlazimisha, lakini si kwa ajili ya faida, sifa wala kumridhisha mkubwa yeyote. Wana-TANU walifundishwa kuwa cheo ni dhamana. Na pengine hakuna mahali ambapo fundisho hilo laonekana waziwazi kama katika chumba cha rubani.

Hata hivyo lawama zisiishie kwa marubani peke yao. Mtumishi wa umma anayemhimiza rubani aruke huku mawingu yamefunga, au apakie mizigo kupita uzito ulioruhusiwa kwa kuwa mkutano unangoja, ni mshiriki wa kosa hilo. Vivyo hivyo kiongozi amwambiaye dereva wake aongeze mwendo. Na afisa wa ngazi ya chini anayeona kasoro katika hati hana budi kupewa nguvu ya kuizuia, maana kuhoji bila uwezo wa kuzuia hakukuwaokoa wale 71.

Walimu nao wana sehemu yao. Mtoto anayefundishwa kukiri kosa mapema, bila kudhihakiwa, ndiye rubani, mhandisi au mganga wa kesho atakayesema kweli wakati dakika chache bado zina thamani. Nidhamu ya kweli ni kutii kanuni hata pale ambapo hakuna anayetazama, na kusema wazi pale ilipovunjwa.

Rubani anayekataa kuruka asidhaniwe kuwa mwoga, wala asinuniwe na abiria waliochelewa. Kawia ufike.