Mji Unaishia Wapi?

Lubumbashi inaishia wapi? Wazungu waliuanzisha mji huu mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville. Kisha wakaacha eneo tupu kati ya nyumba zao na site ya Waafrika. Mpaka ulionekana kwa macho. Leo komini ni saba. Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi, Kampemba na Lubumbashi yenyewe ni sita. Ya saba inazizunguka, nayo inaitwa Annexe, maana yake nyongeza. Je, mtu anayeamka alfajiri kwenda kazi mjini ni nyongeza? Jasho lake halihesabiwi hivyo! Mji unaishia pale anapolala mfanyakazi wake wa mwisho. Basi, maji na barabara vifike hapo.